Namna ya Kupima Mdundo wa Joto la Mwili kwa Ndege na Mamalia

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Kuku wangu alfajiri alikuwa na nyuzi 40.5, alasiri ana 41.7, je, ameshikwa na homa? Panya wangu hupanda joto kila usiku, nimpe dawa gani? Kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kinatosha? Nipime mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukianza usipoteze wiki tatu kama nilivyopoteza mimi.

Maswali mawili ya kwanza yana jibu fupi: hakuna anayeumwa. Joto la mwili wa ndege na mamalia halitulii mahali pamoja. Hupanda na kushuka kila siku, na likafanya hivyo tena kesho yake karibu saa zile zile. Kwa mamalia wengi tofauti kati ya juu kabisa na chini kabisa ni nyuzi 1 hadi 2. Kwa ndege ni 1 hadi 3, hasa wenye miili midogo. Anayeshughulika mchana hufika kileleni alasiri na kushuka kabisa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Anayeshughulika usiku ni kinyume chake, ndiyo maana panya wako "anapata homa" kila giza linapoingia. Si jambo jipya: William Ogle alichapisha vipimo vya binadamu wenye afya mwaka 1866, na mwaka 1905 Simpson na Galbraith wakachapisha vya ndege wa mchana na wa usiku pamoja na mamalia wachache.

Nadharia utakayoihitaji ni ndogo. Mdundo huu hausababishwi na kutembea na kula peke yake. Mnyama aliyelala tu bado huwa nao, kwa sababu mwili una saa yake ya ndani. Kwa mamalia saa kuu imo ubongoni, juu kidogo ya pale neva za macho zinapokutana. Kwa ndege, tezi ya pineali, tezi ndogo iliyo ubongoni, nayo ina kazi kubwa katika saa hiyo. Mwanga ndio unaoirekebisha kila siku. Basi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwanza ruhusa. Kama ni utafiti wa shule, chuo au taasisi, kamati ya maadili ya utafiti ipitishe mpango wako kabla hujamgusa mnyama. Kama ni mifugo yako mwenyewe, mwombe daktari wa mifugo aje siku ya kwanza akuonyeshe namna ya kushika na kupima. Ndege pori na wanyama pori usiwaguse bila kibali cha mamlaka inayohusika.

Kisha vifaa hivi:

- Kipimajoto cha dijitali kinachosoma hadi desimali moja na kinachofika angalau nyuzi 44. Soma sentensi hiyo tena. Vipimajoto vingi vya binadamu hukomea 42 au 43, na ndege mzima mwenye afya huweza kufika 42 bila tatizo lolote. Kikiandika H badala ya namba, tatizo ni la kifaa, si la ndege.
- Kipimajoto cha pili cha kuaminika, chenye cheti cha usahihi, cha kulinganishia.
- Kipimajoto cha hewa, cha kuweka bandani usawa wa mnyama, si ukutani juu.
- Saa moja tu, itumiwe na kila mtu.
- Mizani, mafuta laini ya kulainishia, glavu, pamba na spiriti ya kusafishia.
- Daftari lililopigwa mistari mapema. Karatasi za kuokota hupotea.
- Wanyama wasiopungua 6. Kwa kupima kwa mkono, 12 ni afadhali sana.

Epuka vipimajoto vinavyotoa jibu ndani ya sekunde chache kwa kukisia. Baadhi havisubiri joto litulie. Hutazama linavyopanda, kisha hukadiria litakapoishia, na ukadiriaji huo umetengenezwa kwa mwili wa binadamu. Tumia kinachosubiri hadi namba isimame.

Chagua njia

Njia ni tatu. Ya mkono, kwa kuingiza kipimajoto kwenye puru kwa mamalia au kwenye kloaka kwa ndege (lile tundu moja linalopitisha kinyesi, mkojo na mayai), ni rahisi na inafaa kuku, sungura, mbuzi, mbwa na ng'ombe. Ubaya wake ni kwamba unamsumbua mnyama, na usumbufu wenyewe unabadilisha joto unalotaka kulijua.

Njia ya pili ni kirekodi joto: kidude kidogo chenye betri kinachowekwa ndani ya mwili na kuandika joto chenyewe kwa wiki nyingi. Hii ndiyo bora, lakini kukipandikiza ni upasuaji. Ni kazi ya daktari wa mifugo, kwa nusukaputi na dawa za maumivu. Usijaribu mwenyewe hata kama umeona video kumi. Wanyama wanaocheua wanaweza kumezeshwa kirekodi kikatulia tumboni bila kisu chochote, ila kila mnyama anapokunywa maji baridi namba huporomoka na huchukua muda kurudi.

Ya tatu ni ya miale, yaani kipimajoto cha kuelekeza au kamera ya joto. Kwa swali letu sikupendekezei, na sababu haihusu bei wala ubora. Kifaa hicho kinasoma uso, nasi tunataka joto la ndani. Kwa ndege kinasoma manyoya. Kwa mamalia kinasoma ngozi, na ngozi ina mdundo wake: kwa binadamu, kwa mfano, ngozi ya mikono na miguu hupata joto jioni ndani ya mwili kunapoanza kupoa, kwa kuwa damu inapeleka joto nje. Unaweza kuchora mchoro mzuri kabisa uliogeuka juu chini, ukauamini.

Hatua za kazi

1. Zoesha wanyama. Wape angalau wiki moja, wiki mbili zikiwezekana, katika banda watakalopimiwa, na mtu yule yule atakayewapima. Kila siku washike kama utakavyowashika siku ya kazi, uwaguse na kipimajoto, uwarudishe. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu mwenye haraka. Mnyama asiyezoea kushikwa hupandisha joto kwa hofu tu. Panya anaweza kupanda karibu nyuzi 1 ndani ya dakika 10 hadi 15, na hiyo nyuzi 1 ndiyo ukubwa wa mdundo wote unaoutafuta.

2. Kagua usahihi wa kila kipimajoto. Jaza maji ya vuguvugu kwenye chombo kinachohifadhi joto, ukoroge muda wote, na utumbukize kile chenye cheti pamoja na vile vya kazi. Soma kwenye 36, 38, 40, 42 na 44. Andika tofauti ya kila kimoja katika kila kituo, kisha uibandike kwenye kifaa chenyewe. Virekodi viache kwenye kila kituo kwa dakika 10 hivi kabla ya kusoma. Rudia zoezi zima mwisho wa kazi, maana vifaa huhama taratibu. Barafu inayoyeyuka inakupa 0 safi, lakini usahihi wa kwenye 0 haukuhakikishii usahihi wa kwenye 41.

3. Tawala mazingira. Mwanga uwake na uzimike saa zile zile kila siku, saa 12 za mwanga na 12 za giza ni mwanzo mzuri. Kama wanyama wako nje, andika saa za macheo na machweo. Chakula kitolewe saa ile ile, au kiwepo muda wote, ila chagua moja na usiibadilishe. Usagaji wa chakula huzalisha joto, na njaa nayo ina athari: njiwa akinyimwa chakula, joto lake la usiku hushuka kuliko kawaida huku la mchana likibaki karibu palepale. Mtu asiyejua kwamba njiwa wake hawakula ataona mdundo mkubwa na kuusifu.

Andika pia jinsia na hali ya kila mnyama. Wastani wa joto la jike huhama kufuatana na mzunguko wake wa uzazi, ng'ombe hushuka joto siku moja hivi kabla ya kuzaa, na ngamia aliyekosa maji ni habari nyingine kabisa: joto lake linaweza kwenda kutoka 34 alfajiri hadi kupita 40 alasiri, wakati yule aliyekunywa vya kutosha hucheza ndani ya nyuzi 2 hivi.

4. Panga ratiba. Mara moja asubuhi na mara moja jioni haitoshi. Nukta mbili hazikuambii kilele kiko wapi. Kwa mkono, pima kila baada ya saa 4, yaani vituo 6 kwa siku. Lakini usimpime mnyama mmoja vituo vyote 6 ndani ya siku moja. Utamchosha, na kuanzia kituo cha tatu utakuwa unapima uchovu na hasira zake.

Gawa wanyama 12 katika makundi matatu ya wanne. Siku ya 1, kundi A lipimwe 00:00 na 12:00, B lipimwe 04:00 na 16:00, C lipimwe 08:00 na 20:00. Siku ya 2 wote wapumzike. Siku ya 3, A lipimwe 04:00 na 16:00, B lichukue 08:00 na 20:00, C lichukue 00:00 na 12:00. Siku ya 4 pumziko. Siku ya 5, A lipimwe 08:00 na 20:00, B 00:00 na 12:00, C 04:00 na 16:00. Baada ya siku tano kila mnyama ana vituo 6, hakuna aliyepimwa zaidi ya mara mbili kwa siku, na kati ya vipimo kuna angalau saa 12. Ukiweza rudia mzunguko wote mara ya pili.

5. Pima. Andaa kila kitu nje ya banda. Lainisha ncha, mshike mnyama kwa utulivu, ingiza kipimajoto taratibu bila kulazimisha. Kina kiwe kile kile kila mara. Weka alama ya wino usioyeyuka kwenye shina la kipimajoto. Sentimita 3 hivi kwa kuku, 5 au zaidi kwa mbuzi. Panya mdogo anahitaji sentimita 2 na waya mwembamba wa thamokapo (waya wa kupimia joto kwa umeme) wenye ncha ya mviringo. Kipimajoto cha kawaida kitamjeruhi. Ndege wadogo wa ukubwa wa shomoro usiwapime hivi kabisa. Leo sentimita 2 na kesho 4 ni makosa makubwa kuliko mdundo wenyewe, kwa sababu ukingoni mwa tundu kuna baridi kuliko ndani. Kinyesi kigumu kikiwa njiani, ncha ikae kando yake, iguse ukuta wa puru, isizame katikati ya kinyesi.

Hesabu muda tangu mkono wako ulipogusa banda hadi namba iliposimama, na uuandike. Ukipita dakika 2, weka alama pembeni ya namba hiyo.

Na badilisha mpangilio wa kuwachukua. Hili nimejifunza kwa gharama. Mara ya kwanza nilipopima sungura, waliokuwa kibanda cha mwisho walikuwa na joto kubwa kuliko wa kwanza, usiku na mchana, nami nikaandika kurasa mbili nikieleza kwa nini wanatofautiana kimaumbile. Hawakutofautiana. Kila mara nilianzia mlango ule ule, na wa mwisho walikuwa wamesikia vurugu kwa nusu saa kabla sijawafikia. Kwa panya wanaoishi banda moja jambo hili linajulikana vizuri: anayetolewa mwisho huwa na joto kuliko aliyetolewa mwanzo. Piga kura ya mpangilio kabla ya kila kituo.

6. Usiku, linda giza. Usiwashe taa ya chumba. Mwanga mkali usiku humwamsha mnyama na, kibaya zaidi, husukuma saa yake ya ndani, hivyo vipimo vya kesho vinakuwa vya mnyama mwenye saa nyingine. Kwa panya, tochi nyekundu hafifu inafaa kwa kuwa macho yao hayaoni vizuri rangi nyekundu. Wengi huichukua tochi ile ile na kwenda nayo kwa kuku, na hapo wanakosea. Ndege wanaona nyekundu vizuri, tena mwanga mwekundu hupenya fuvu na kufikia vipokea mwanga vilivyo ndani ya ubongo wao. Kwa ndege tumia mwanga mdogo kuliko wote unaoweza kufanyia kazi, kwa sekunde chache, ukiuelekeza kwenye kipimajoto na si kichwani. Fanya mazoezi ya kupapasa banda gizani kabla ya siku yenyewe.

7. Ukitumia kirekodi, anza na uzito. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba kifaa pamoja na nta ya kukifunika kisizidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mnyama, na kadiri kinavyopungua ndivyo vizuri. Kirekodi kinachotumika mno ni Thermochron iButton. Aina ya DS1922L ina gramu 3 na kidogo, hivyo usifikirie kukiweka kwa mnyama wa gramu 50.

Kabla ya kukifunga, chagua usahihi wa usomaji. Kirekodi hicho kina mipangilio miwili: hatua za nyuzi 0.5, kinapohifadhi vipimo 8,192, au hatua za nyuzi 0.0625, kinapohifadhi 4,096. Anayeanza huona 8,192 na kuchagua namba kubwa, kisha baada ya miezi miwili anatoa mchoro wenye ngazi tatu kama za nyumba. Mdundo wa nyuzi 1 hauwezi kuonekana kwa rula yenye alama za nusu nyuzi. Chagua 4,096. Ukirekodi kila dakika 10 unapata siku 28. Kila dakika 15, siku 42. Kila dakika 30, siku 85. Dakika 15 zinatosha kwa kazi nyingi.

Baada ya upasuaji tupa data ya wiki ya kwanza. Mnyama anapona, na homa ya kidonda, dawa na nusukaputi vyote vimo kwenye namba hizo. Vifaa vinavyowekwa chini ya ngozi husoma chini ya joto la ndani na huyumba na hewa ya nje, kwa hiyo usivilinganishe na vilivyowekwa tumboni.

8. Andika saa ipasavyo. Kiswahili kinatusaidia na kinatuponza hapa. Kinatusaidia kwa sababu saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi, na watafiti wa saa za mwili nao hufanya hivyo hivyo: huita sifuri pale mwanga unapowaka. Mwanga ukiwaka saa 12 asubuhi, basi saa 8 mchana ni saa ya 8 ya mwanga, bila hesabu yoyote. Kinatuponza kwa sababu kuna saa 8 nyingine usiku, na msaidizi aliyechoka huandika "saa 8" tu. Tena kirekodi na kompyuta havijui hesabu yetu. Kwao saa 8 mchana ni 14:00. Daftarini andika mtindo wa saa 24 peke yake, kuanzia 00:00 hadi 23:59, na pembeni andika saa ambayo mwanga huwaka. Kabla ya kukiwasha kirekodi, hakikisha kompyuta inayokiwekea saa iko kwenye saa ya mahali ulipo. Saa iliyokosewa kwa tatu inahamisha kilele kwa tatu, na hakuna hesabu ya baadaye itakayokushtua.

Kila mstari uwe na: namba ya mnyama, tarehe, saa, joto la mnyama, joto la hewa, sekunde za kushika, na maelezo. Maelezo yasiachwe wazi. "Alikuwa anataga", "mvua kubwa", "mbwa alibweka" ni maneno yatakayokuokoa.

9. Chora kabla ya kukokotoa. Saa chini, joto wima, mstari mmoja kwa kila mnyama. Utaona makosa mengi kwa macho kuliko kwa fomula. Ulinganishe na viwango vinavyojulikana: kuku huzunguka 41, njiwa 41 hadi 42, mbuzi na kondoo karibu na 39, ng'ombe na mbwa 38.5 hivi, sungura 38.5 hadi 39.5, panya 36 hadi 38, farasi chini kidogo ya 38, tembo karibu na 36. Mbuzi wako wote wakiwa na 37, rudi kwenye kina cha kipimajoto kabla ya kutafuta ugonjwa.

10. Kokotoa. Tunataka namba tatu: wastani wa siku, kimo (umbali kutoka wastani hadi kilele), na saa ya kilele. Njia ya kosaini, yaani kupachika wimbi laini la saa 24 kwenye vipimo, iliyosambazwa na mtafiti Franz Halberg (ndiye pia aliyetunga mwaka 1959 neno la kisayansi la midundo ya karibu saa 24), inafanyika kwenye lahajedwali yoyote, kama Excel. Masharti: vipimo viwe na nafasi sawa na vijaze saa 24 kamili.

Chukua namba hizi za kuku, nilizozitunga kwa mfano: 00:00 ni 40.6; 04:00 ni 40.5, 08:00 ni 41.2; 12:00 ni 41.6, 16:00 ni 41.7, 20:00 ni 41.1. Wastani ni 41.12.

Weka saa kwenye safu A kama namba tupu (0, 4, 8 na kuendelea), joto kwenye B, kuanzia mstari wa 2. Safu C iandike =B2*COS(2*PI()*A2/24), safu D =B2*SIN(2*PI()*A2/24). Jumlisha C, zidisha kwa 2, gawanya kwa idadi ya vipimo (hapa 6): unapata −0.55. Iite a. Fanya vivyo hivyo kwa D: unapata −0.32. Iite b. Kimo ni kipeuo cha pili cha jumla ya a mraba na b mraba: 0.64. Saa ya kilele ni =ATAN2(a, b)*24/(2*PI()). Inatoa −10, ikiwa hasi ongeza 24, unapata 14, yaani 14:00, saa 8 mchana. Kimo mara mbili ni 1.27, karibu sawa na tofauti tuliyoiona kwa macho, 1.2. Vikipishana sana, kuna kosa.

Angalizo la fomula: kwenye lahajedwali ATAN2 hutaka a kwanza. Lugha nyingi za programu hutaka b kwanza. Ukigeuza, kilele kitahama na hutaambiwa.

Fanya hesabu hii kwa kila mnyama peke yake, kisha tafuta wastani wa wanyama. Na usitafute wastani wa saa za kilele kama namba za kawaida. Mmoja akiwa na kilele 23:00 na mwenzake 01:00, jumla gawa kwa mbili inatoa 12:00 mchana, wakati jibu ni usiku wa manane. Tafuta wastani wa a zote na wastani wa b zote, kisha rudisha kwenye saa.

Kosaini ni wimbi laini, na ndege wengi hawako hivyo: hupanda haraka asubuhi, hukaa juu siku nzima, hushuka haraka machweo. Kwao ongeza pia wastani wa saa za mwanga na wastani wa saa za giza. Mimi hutoa vyote viwili daima.

Mambo yakienda kombo

Mstari ni bapa, hakuna mdundo. Angalia usahihi wa kifaa kwanza, kisha mwanga. Taa iliyowashwa usiku kucha hupunguza mdundo au kuufuta kabisa, hasa kwa ndege. Kama taa iko sawa, huenda usumbufu umepandisha vipimo vya saa za mapumziko hadi vikafanana na vya saa za shughuli. Punguza vipimo, ongeza siku za kuzoesha.

Namba zinaruka ovyo. Kina kinabadilika, au watu wanaopima ni wengi. Mpe kazi mtu mmoja, weka alama kwenye shina, ondoa vipimo vilivyopita dakika 2 uone kama mchoro unatulia. Vingine viache. Usifute namba kwa sababu tu haikupendezi.

Vilele viwili kwa siku. Si lazima liwe kosa. Sungura na wanyama wengine huchangamka macheo na machweo. Lakini vilele vikigongana na saa ya chakula, isogeze saa ya chakula kwa saa 3 kwa wiki nzima. Kilele kikifuata chakula, umepima chakula.

Joto la mnyama linafuata joto la hewa hatua kwa hatua. Kipimajoto hakijafika ndani, au kirekodi kimekaa chini ya ngozi. Ikiwa vyote ni sawa, tuliza joto la chumba kwa siku tatu. Mdundo wa kweli utabaki.

Namba moja imeporomoka nyuzi 2 au zaidi kisha ikarudi. Kwa mnyama anayecheua mwenye kirekodi tumboni, amekunywa maji. Kwa kipimajoto cha mkono, kilichomoka. Kwa popo na baadhi ya ndege wadogo hasa wanapokosa chakula, inaweza kuwa kweli kabisa: huzimisha mwili kwa saa kadhaa ili kuokoa nguvu, na joto lao hushuka kuliko ungedhani. Usimwamshe kwa nguvu wala usimweke juani. Mwache apande mwenyewe.

Kilele kinachelewa kidogo kila siku. Kama wanyama wako gizani au kwenye mwanga hafifu usiobadilika, hicho ndicho kinachotarajiwa: saa ya ndani ikiachwa peke yake haiendi saa 24 kamili. Kama mwanga unawaka na kuzimika kama kawaida, linganisha saa ya kirekodi na saa yako ya mkononi siku unapokitoa, kabla hujakisimamisha. Andika tofauti kwa sekunde, igawanye kwa idadi ya siku, na urekebishe kila tarehe kwa kiasi chake.

Mnyama ameanza kukataa kula, ana damu kwenye tundu, au anatetemeka ukimkaribia. Acha kumpima siku hiyo hiyo, mwite daktari wa mifugo, na data yake ibaki na pengo. Pengo linaandikika kwenye ripoti.